Maji Yanajaa au Yanapwa

Nyinyi mliobaki kwenye kiti cha juu pale ufukweni mliniambia, siku ile ya biriani ya kuniaga, niandike ninayoyajua yasije yakapotea. Nimekaa na maneno hayo wiki kadhaa nikiyaogopa. Darasa langu liliishia la saba, na hilo la saba nililimaliza kwa huruma ya mwalimu mkuu, kwa hivyo mkikuta sentensi imekwenda mrama msinicheke sana. Tena sina hakika kama ninayoyajua ni mengi. Nikiyapima naona ni mambo mawili matatu, na yote nimeyapata kwa kuogopa.

Sitaandika lini nilipandishwa cheo wala nilianza na mshahara gani. Hayo hayajamtoa mtu majini.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mwachiti, mkubwa wa waokoaji wa hoteli yetu wakati huo, Mdigo wa Mtongwe, mfupi, sauti yake kama mtu anayekwaruza sufuria. Alinivalisha filimbi shingoni akaniambia nisiipende. Nikamuuliza kwa nini. Akasema anayeipenda huipuliza, na ukiipuliza ushachelewa. Kisha akanionyesha kazi: kamba ianikwe kila jioni kwa sababu kamba iliyooza haioneshi, boya likaguliwe kama limeingia maji, na macho yafagie bahari kutoka kulia kwenda kushoto na kurudi, bila kusimama kwa mtu mmoja, hata kama mtu huyo anapendeza. Hili la mwisho alilisema mara nyingi. Nadhani aliniona nilivyo.

Alasiri ya siku hiyohiyo mgeni mmoja kutoka bara alikuwa amesimama kwenye maji ya kifua, kichwa amekitupa nyuma, mdomo unafunguka na kufungika. Nilidhani anafurahia jua. Mwachiti alikuwa keshafika nusu ya njia mbio, nami bado nipo kwenye kiti nikimwonea raha yule mgeni. Anayezama hapigi kelele. Mlifundishwa hayo chuoni kwa picha. Mimi nilifundishwa pale, na tangu siku ile sijaangalia mtu aliyetulia majini nikawa na amani.

Mwachiti alikuwa na desturi yake. Mtu akishatolewa na kutapika na kurudi pumzi, alimuuliza swali. Akiwa mgeni, alimuuliza jina la hoteli na chumba chake. Akiwa mwenyeji, au mmoja wetu aliyerudi kutoka mbali, alimuuliza: maji yanajaa au yanapwa? Alisema mtu wa pwani aliyekuwa majini na akili zake anajua maji yalikuwa yakimvuta wapi, hahitaji kufikiri. Akijibu ovyo, au akikawia, basi kuna kitu kimeharibika ndani ambacho jicho halikioni, na asiachwe peke yake.

Akanifundisha pia kwamba wewe uliye juu ya kiti ukisahau maji yanakwenda wapi, na utasahau, angalia boti ya vioo, ile ya kutembeza wageni kwenye matumbawe. Ikiwa imetia nanga na hakuna upepo, hukabili maji yanakotoka. Omo, yaani mbele yake, ikielekea kwenye mlango wa mwamba, pale bahari kuu inapoingilia, maji yanajaa. Omo ikielekea hotelini, yanapwa. "Mtu hudanganya," alisema, "boti haina haja." Mafunzo hayo mawili, swali na boti, niliwapa wote waliokuja nyuma yangu. Sikujua siku moja yatagombana.

Mwachiti alistaafu, nikakaa mahali pake. Miaka ikapita mingi, wageni wakabadilika, hoteli ikapakwa rangi upya kila walipokosa la kufanya. Wenzangu walidhani uoga unaisha ukizoea. Mimi kila asubuhi nikishuka kwa miguu kutoka Kisauni niliogopa, na hofu ilinitoka tu pale mtu wa mwisho alipotoka majini. Nimejiuliza kama mtu mwoga namna hii alifaa kazi hii.

Riziki alikuja akiwa msichana mwembamba kutoka Likoni, mwanamke wa kwanza kukaa kwenye kiti chetu. Kusema haki, wapo waliomkataa, na kusema haki zaidi, mimi sikumtetea sana; nilingoja nione. Nikaona. Alikuwa akipita majini kama kisu kwenye papai. Alipanga chumba Kiembeni awe karibu na kazi, akanunua baiskeli ya mbio iliyokwishatumika, na kila alfajiri akawa anapanda nayo kuelekea Mwakirunge na kurudi kabla ya zamu. Alikuwa akijitayarisha kwa yale mashindano ya michezo mitatu, marefu, ambapo mtu huogelea baharini, akitoka hupanda baiskeli mpaka jua liwe utosini, halafu ndipo akimbie. Nilimuuliza nani anamfukuza. Alicheka. Alinambia, akiniita ami kama baba yake mdogo, "Ami, wewe waogopa kwa ajili yetu sote, nimebaki mimi bila kazi."

Barabara ile ya Mwakirunge hupita malori ya mawe ya machimboni. Asubuhi moja kulikuwa na kokoto zilizomwagika kwenye kona. Sijui lori gani, wala sitamlaumu dereva nisiyemjua. Huenda hata hakuhisi. Baiskeli iliteleza, Riziki akaruka. Helmeti ilipasuka kama dafu. Waliomwokota walikuwa watu wanaokwenda dampo kazini, wakamfunga kichwa kwa leso, wakasimamisha gari. Kama si helmeti na watu wale nisingekuwa na la kuandika.

Hospitali walimtoboa fuvu kuondoa damu iliyokusanyika. Nilipomwona kitandani kichwa kimenyolewa upande mmoja, alinitambua, lakini alinyoosha kidole kwenye filimbi yangu akashindwa kuitaja. "Ile ya kupuliza," alisema. Akacheka. Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho ya magari bila kujua nimetoka kufanya nini.

Daktari wake alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti, na kila alilosema lilikuja kuwa kweli, kwa hivyo nisisikike nikimpunguzia. Alisema mfupa utaunga lakini ubongo una ratiba yake. Kuna hatari ya kifafa. Kuna kizunguzungu. Kuna kuchanganyikiwa kunakokuja mtu akichoka kupita kiasi kisha kunapita. Asiguse maji kwanza, kisha bwawani tu chini ya jicho, na bahari baadaye kabisa, ikiwa tu akitoka anajibu sawasawa. Akanigeukia mimi. "Kliniki namwona ameketi na amepumzika," alisema. "Wewe ndiye utakayemwona akitoka majini. Ukiona lolote, hata dogo, mnasimama, unaniambia." Nikaitika. Ni rahisi kuitika mtu akiwa bado hajasimama kwa miguu yake.

Meneja naye alikuwa na sheria yake, na ilikuwa sheria ya haki: hakai mtu kwenye kiti ambaye hajafaulu mtihani wa kuogelea baharini. Mpaka hapo Riziki akapelekwa kwa madobi, akipiga pasi mashuka. Pua yake haikuipenda ile harufu ya sabuni, kichwa hakikuupenda ule mngurumo wa mashine. Hakulalamika. Alisema tu kwamba mashindano yatakuja mwakani na yeye atayamaliza, na akishayamaliza hakuna atakayemuuliza kama anaweza kukaa kwenye kiti. "Nataka kumaliza mimi," alinambia, "si kokoto zinimalizie."

Basi tukaanza. Nawaandikia hapa kwa urefu kidogo kwa sababu huenda siku moja mkapata mtu kama yeye.

Bwawani alikuwa akienda upande. Alianza katikati, mikono mizuri kama zamani, na kabla ya nusu bega la kushoto lishagusa ukuta. Yeye alikuwa na hakika amenyooka. Alijikwaruza bega mpaka tukaufunga ukuta kwa magodoro ya viti vya jua. Mtu aliyeumia kichwa msimwangalie mikono. Mikono hukumbuka yenyewe. Mwangalieni pumzi. Akianza kunyanyua uso mbele badala ya ubavuni, anatafuta juu ni wapi. Mtoeni.

Baiskeli tuliipandisha kwenye stendi nyuma ya chumba cha madobi, gurudumu likawa linazunguka bila kwenda popote. Alijifunga kichwani khanga nene kukinga mwanga, akaendesha akiangalia ukuta. Madobi walimtania kwamba leo amefika Malindi, leo amefika Lamu, mbona hajaleta hata halua. Kukimbia tulikimbia ufukweni maji yakiwa yametoka, mchanga mgumu, mimi nyuma yake nikihema. Siku nyingine alisimama ghafla akashika kichwa na kuketi, nami nikaketi kando yake tukangoja. Siku nyingine alinifokea bila sababu na kuomba radhi baadaye. Siku nyingine alisahau kuomba radhi, na hizo ndizo zilizonitia hofu zaidi.

Baadaye daktari akaruhusu bahari, ndani ya mwamba tu. Nilimvika kofia ya rangi ya machungwa, nikamfunga boya kiunoni kwa kamba fupi, nami nikamfuata kwa mtumbwi wa plastiki. Macho yangu, yaliyofagia bahari miaka yote hiyo, yakawa hayafagii tena. Yaliganda kwenye ile kofia. Kila mawimbi yalipoificha nilihesabu kimoyomoyo na kuomba. Akitoka nilimwuliza swali la Mwachiti, na alijibu upesi, sawasawa, kila mara. Nikampelekea daktari habari njema. Siku hizo angalau nilipata usingizi kidogo.

Yalipokaribia mashindano, Riziki aliniomba niende naye kwa mama yake. Hawezi kwenda bila radhi ya mama, alisema, na mama amekataa. Tukavuka feri. Mama yake, Bi Mwanasha, alikuwa uani anashona makuti, kidole cha gumba kimefungwa kitambaa. Alinikaribisha, akaniletea maji, akaendelea kushona. Binti akaenda ndani. Bi Mwanasha alisema bila kuniangalia kwamba yeye bahari haijui, baiskeli haijui, ajuacho ni kwamba alimtoa mtoto mzima akarejeshewa aliyetobolewa.

"Lakini wewe wamuona kila siku," alisema. "Ukinambia macho yako yameridhika, nitampa radhi. Neno lako ndilo nitakaloshika, Bwana Salimu. Sina jingine."

Nilimwambia anajibu vizuri akitoka majini. Hilo lilikuwa kweli kwa nilivyojua. Akaniuliza kama nimeridhika. Nikasema inshallah. Akasema hakuniuliza ya Mungu, ameniuliza yangu. Nikasema nimeridhika. Riziki alitoka ndani, mama akamwekea mkono kichwani, upande usiokuwa na kovu. Nilivuka feri kurudi nikiwa nimebeba kitu kizito kuliko nilichokwenda nacho.

Haikupita wiki. Asubuhi ilikuwa shwari, hakuna upepo, bahari kama sahani. Vijana wa boti ya vioo walikuwa wanaipaka rangi ubavuni ikiwa majini, na ili isiwazungukie walikuwa wameifunga tezi na omo, nyuma nanga na mbele nanga. Niliwaona wakiifunga na sikufikiri lolote. Riziki aliogelea mwendo mrefu kuliko wote tangu aumie. Alitoka, akavua miwani ya maji, akainamisha kichwa upande kama anayetoa maji sikioni. Nikamuuliza maji yanajaa au yanapwa.

"Yanajaa, Ami."

Alijibu upesi, kama siku zote. Mchanga wa juu yetu ulikuwa umelowa, mwani mpya umelala mahali ambapo muda mfupi uliopita palikuwa na maji. Nusu ya njia kurudi alikuwa amepigana na mkondo uliomvuta kwenda nje. Nilimwona kwa macho yangu akipigana nao. Nikageuka. Boti ilikuwa pale, omo imeelekea kwenye mlango wa mwamba, imefungwa kama punda.

Nikakumbuka kile kichwa kinachoinamishwa kila mara, sikio lilelile, upande uleule. Halikuwa sikio; alikuwa akiangalia boti. Mtu mwingine yeyote angebahatisha, na nusu ya siku angekosa. Yeye alikuwa mwokoaji, na mimi ndiye niliyemfundisha pa kuangalia.

Nilimwambia, "Boti imefungwa, Riziki."

Aliiangalia. Akaangalia mchanga. Akakaa chini palepale na boya lake kiunoni. Kisha akanieleza, polepole. Akitoka majini, alisema, huwa hajui chochote. Ni kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba ya watu; anaona milango lakini hajui upi ni wa kutokea. Halafu inapita. Nikamuuliza inachukua muda gani. Akasema mpaka afike kwenye bomba la kuogea.

"Na ikikujia kabla hujatoka?"

Alianza kulifungua boya kiunoni.

"Ami," alisema baadaye, "ukisema, hawatanirudisha majini. Mimi ntapiga pasi mpaka nizeeke. Ngoja nimalize tu mara hii."

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Hakuwa mwongo kwa tabia. Ningekuwa na umri wake na kichwa chake ningeangalia boti mimi pia. Tena huenda ingempita salama. Wengi hufanya mambo ya hatari zaidi na kuzeeka. Niliogopa kusema na niliogopa kunyamaza, na hofu hizo mbili zilikuwa na uzito mmoja. Nilikaa nazo siku nzima kwenye kiti. Kilichonipinda ni jambo dogo: nilimkumbuka yule mgeni wa bara, alivyokuwa ametulia, na mimi nilivyokuwa namwonea raha.

Nilimwambia daktari. Hakunilaumu, wala hakumlaumu Riziki. Alisema Riziki amejificha kwa ustadi na mimi nimefanya vizuri kumwona, sasa tuanze upya. Alisimamisha bahari. Kisha nikavuka feri.

Bi Mwanasha alikuwa kwenye makuti yake. Nilimwambia nimekuja kurudisha neno langu, nikamweleza na sababu. Nilidhani atanishukuru. Labda nilitaka anishukuru.

"Jana wanipa, leo wanipokonya," alisema. "Mimi nshampa radhi, nshamwambia nenda. Wajua ataniangalia vipi sasa? Wewe utarudi kwako Kisauni. Mimi ndiye ntakayekaa na uso wake."

Alikuwa anasema kweli. Nilimaliza maji niliyopewa, nikaaga.

Riziki hakusema nami muda mrefu. Alifanya kazi yake kwa madobi. Sare yangu ikirudi ilikuwa imepigwa pasi mpaka mikunjo ingekata mkate, na juu yake hakuna hata salamu. Nilimwona kwa mbali. Siku ya mashindano yenyewe, yaliyoanzia ufukweni petu, nilikuwa zamu. Nilimwona amesimama nyuma ya ua wa madobi, kikapu cha taulo kiunoni, anawaangalia waliokuwa wakiingia majini. Nilifagia bahari, kulia kwenda kushoto. Nilihisi mgongo wangu wote unaangaliwa.

Daktari alimpeleka kwa mtu wa mazoezi ya viungo, na huyo akampa mazoezi ambayo ukiyaona utadhani ni mchezo wa watoto: kusimama kwa mguu mmoja macho yamefungwa, kugeuza kichwa huku na huku ukitazama kidole gumba chako, kutembea kwenye mstari ukihesabu kurudi nyuma. Madobi waliniambia anayafanya baina ya mashuka. Niliyajaribu nyumbani siku moja, nikaangukia kabati. Mke wangu aliniuliza natafuta nini kwenye umri huu.

Mvua za masika zilipokwisha alikuja mwenyewe kwenye kiti. Alisimama chini, mikono nyuma.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu."

Alisema daktari ameruhusu tena, kidogo kidogo. Akasema jingine. Safari hii akitoka majini nisimwulize akiwa ameielekea bahari. Nimgeuze, aipe mgongo, afumbe macho, ndipo nimuulize. Ilikuwa sharti lake, si langu. Nilishuka kwenye kiti nikasimama naye mchangani.

Mara ya kwanza alifumba macho, machozi yakamtoka, akasema hajui. Tukaandika hivyohivyo kwa daktari. Mara nyingine alikosea. Mara nyingine alikawia sana. Sitasema ilichukua siku ngapi. Kwangu zilikuwa siku moja ndefu. Kisha asubuhi moja aliipa bahari mgongo, akafumba macho, akasema yanapwa, tena yamemvuta kuanzia kwenye lile jiwe jeusi, na mimi kwenye mtumbwi nimemfuata upande mbaya. Yote yalikuwa kweli, hata hilo la mtumbwi.

Mwaka ule wa pili sikumpa Bi Mwanasha neno. Nilimwambia sina neno la kutoa, aje aone kwa macho yake. Alikuja siku ya mashindano. Alivua viatu, akanyanyua buibui, akaingia majini mpaka vifundoni, akabaki hapo muda wote wa kuogelea, kama anayeishikilia bahari isiondoke na mtoto wake.

Mimi nilikuwa kwenye mtumbwi karibu na boya la kugeukia. Pale ndipo watu husongana. Niliona kisigino cha mtu kikitua kwenye kofia ya machungwa. Hakufanya makusudi, watu wanapogeuka hawaonani. Riziki alisimama. Akageuka chali, akatulia, uso juu.

Alikuwa ametulia.

Nilitia filimbi mdomoni. Sheria ya mashindano ni kwamba mwokoaji akimgusa muogeleaji, safari yake imekwisha. Nikapiga kasia mpaka nikawa naweza kumshika mkono. Sikumshika. Nilimwangalia pumzi. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa mpango, mdomo umefungwa. Macho yalikuwa wazi na yaliniona. Hakuangalia boti, hakuangalia pwani. Alisema kwa sauti ya chini, ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chai: "Bado, Ami." Kisha akageuka akaendelea. Filimbi ilikuwa imejaa mate.

Baiskeli na mbio sikuziona, nilikuwa zamu, na niliogopa kila kona hata nisizozijua. Alimaliza miongoni mwa wa mwisho, wakati wanakunja viti, akitembea. Mama yake alimfunika leso. Mwezi uliofuata alifaulu mtihani wa bahari, akarudi kwenye kiti, na sare zangu zikaanza kurudi na mikunjo ya kawaida.

Imebaki siku yangu ya mwisho. Baada ya biriani na zile hotuba, niliomba niogelee mara moja mpaka kwenye boti na kurudi, kwa sababu miaka yote niliingia majini kumfuata mtu na nilitaka kuingia bila mtu. Riziki alikuwa kwenye kiti. Nilikwenda nikafika, nikarudi. Nilichoka kuliko nilivyotarajia. Nilipotoka nimeinama, nashika magoti, nikaona kivuli chake. Ameshuka.

"Ami," alisema, "maji yanajaa au yanapwa?"

Nilidhani ni utani wa kuagana. Nikataka kujibu, na jibu halikuwepo. Kabla sijajua ninafanya nini, shingo yangu ilikuwa imeshageuka kwenye boti.

Aliona. Hakucheka. Alinishika mabega akanigeuza, nikaipa bahari mgongo, kifua changu kikaelekea hotelini.

"Fumba macho, halafu nijibu."

Nikafumba. Giza lote lilikuwa jekundu. Nilitafuta kule nilikotoka, mkono kwa mkono, mpaka nikaupata ule mvuto kwenye ubavu, ulivyonisukuma kuelekea nyumbani nilipokuwa narudi.

"Yanajaa," nikasema.

Aliniachia mabega.

"Haya," alisema, "nenda bombani ukaoge. Nakuona kutoka hapa."